Mbao Zilizotembea Saa ya Bendera

Alhamisi kulipokucha, Sefu alikuwa anapaka mafuta ya mawese chini ya mbao nne, kilometa ya arobaini kwenye barabara ya Banalia, pale barafu inapoanzia. Zamani Sefu alikuwa mtu wa toleka, anabeba abiria kwa baiskeli mjini Kisangani. Mwezi wa tatu barafu ikaja kulala juu ya barabara, kilometa kumi na mbili, msitu kijani huku na huku, na baiskeli haikupita tena. Bon, Sefu akachonga mbao kutoka mtumbwi uliooza, akatafuta mpira wa tairi wa kuzifungia miguuni, akawa kiongozi wa safari. Wazungu wanaziita ski. Watu wa mji hawakushangaa. Barafu haina mashimo, kwa hiyo walisema serikali hatimaye imetengeneza barabara.

Abiria wa siku hiyo alikuwa Mama Élise, muuguzi, na sanduku la baridi mgongoni. Ndani yake mlikuwa na chanjo ya surua. Ng'ambo ya barafu watoto sitini walikuwa wanaingoja, na surua ilikwisha kubisha hodi kijiji cha jirani. Chanjo ikipata joto inakufa, na kwa miaka mitatu ilikuwa inafia njiani, kwenye matope. Sasa barafu ilikuwa inailinda bure. Mama Élise alifurahi mpaka akaimba.

"Mama, funga mudomo," Sefu alimwambia. "Meno itaganda."

Barafu inaishia kwenye mteremko mrefu. Chini yake kuna kizuizi: kamba, kibanda, mlingoti wa bendera, na Kaporali Arsène. Saa moja na nusu filimbi ililia. Kwetu kila mtu anajua: bendera ikipanda, unasimama. Mwenye mzigo kichwani anasimama nao, mwenye kutafuna anaacha. Sefu na Mama Élise ni watu waliolelewa vizuri. Walisimama wima katikati ya mteremko, mikono mapajani, kidevu juu. Mbao hazikusimama. Wakapita mbele ya bendera hivyo hivyo, kwa heshima zote, wakaenda kuangukia magunia ya makaa.

"Mulitembea saa ya bendera," Kaporali alisema.

"Chef, sisi tulisimama. Mbao ndiyo ilitembea."

"Mbao iko ya nani?"

"Ya mimi."

"Donc ni wewe."

Akaandika majina yao, akawazuia hapo, akachukua sanduku kama preuve, yaani ushahidi, akaliweka juu ya meza ya bati, juani.

"Chef, watoto wanangoja!" Mama Élise alilia. "Tuiweke hata pale kwa barafu, hatua mbili tu."

"Preuve haitembeake, mama. Commandant atakuja."

Commandant hakuja. Adhuhuri alikuja Joëlle, mke wa Kaporali, na mtoto wao Baraka mgongoni, miezi tisa. Alikuwa amepanga mstari wa chanjo kijijini tangu asubuhi pamoja na akina mama wenzake.

"Papa Baraka, dawa iko wapi?"

Kaporali alionyesha kwa kidevu. "Iko na dossier ya kesi."

Joëlle aligusa sanduku. Lilikuwa na joto kama sufuria ya maharage. Alimtazama Mama Élise, naye Mama Élise akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, hakuyaficha. Ndipo Joëlle akamgeukia Sefu.

"Mujini iko dawa ingine?"

"Iko."

"Mbao, mutu anapanda nayo namna gani?"

"Kiubavu, kama kaa. Fuata alama nyekundu ya mawese, huwezi kupotea."

Saa kumi na mbili jioni filimbi ililia tena. Askari wa pili wa kizuizi alianza kushusha bendera, nayo kamba ikakwama kwenye gurudumu lake, kama kawaida. Wote walisimama wima: Sefu, Mama Élise, Kaporali na mkono wake kwenye kofia. Joëlle peke yake aliinama, akakaza kitenge cha mtoto, akafunga mbao za Sefu miguuni, akaanza kupanda. Kaporali alimwona. Alitaka kumkimbilia, maskini, na hata yeye hakujua kama ni kumkamata au kumbebea mtoto. Lakini bendera ilikuwa nusu njia, na sheria ni yake. Bendera ilining'inia pale dakika ishirini na tano.

Ilipofika chini, Joëlle alikuwa amekwisha kuvuka kilele. Kaporali alikaa, akafungua daftari, akaandika chini ya majina mawili ya asubuhi: *Mama mumoja, mutoto mumoja. Walitembea saa ya bendera.* Kisha akafungia sanduku kibandani, kwa sababu dossier ilikuwa bado wazi.

Kesho yake mstari wa akina mama ulikuwa umehamia kwenye kizuizi, kuulizia dawa. Saa moja na nusu Kaporali alipuliza filimbi na bendera ikapanda. Akina mama hamsini na tisa walisimama wima, na watoto wao mgongoni.