Batri Tu

Katungu hakupiga kelele. Alifungua fundo la kitenge chake, akaweka juu ya meza ya duka nusu ya kipima umeme, nusu iliyoyeyuka na kukunjamana kama ganda la ndizi iliyosahauliwa motoni.

"Mama Rachida, kitu yako hii. Nakurudishia."

Mumewe, fundi umeme Sadrack, alikuwa amelazwa Beni, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi viwikoni. Alikuwa akipima umeme wa kinu cha mahindi, kifaa kikamlipukia. Rachida alijua kilitoka kwake. Butembo nzima hakuna duka jingine lililouza vipima vile vya njano. Katungu akatoka. Na Rachida angemwambia nini? Kwamba usoni pa kifaa pameandikwa kinahimili volti elfu moja? 

Shemeji yake Issaka, mwenye lori, alikuwa na jibu tayari. "Nitapeleka carton yote ya vipima Kanyabayonga. Kule hapana mutu anamujua Sadrack."

"Na batu ba kule, mikono yabo ni ya mbuzi?" Rachida akauliza.

Akachukua vipima viwili vipya akavipeleka kwa Kambale, fundi umeme wa mtaa wao, mwimba besi kanisani, mtu wa kucheka hata matangani.

"Nataka kujua. Ni Sadrack alikosa, ao ni kitu yangu?"

"Donc, basi, tuviue, tuone."

Walikwenda kwa wachomelea vyuma, penye umeme wa nguvu kama wa kinu. Kambale alilaza kipima cha kwanza katika sanduku la mchanga, akazivuta nyaya hadi nyuma ya ukuta, penye swichi. Hicho alikitega, kwa kosa la makusudi, kupima ukinzani badala ya volti, akakipiga umeme. Kioo kikamwekamweka, kikazimika. Basi.

"Kimekufa kama mukristo," akasema.

Cha pili alikichomeka waya kwenye tundu la ampea. Hilo ndilo kosa alilodhani Sadrack alifanya. "Hapa courant, umeme, inapita muzima muzima. Court-circuit, shoti. Mama, ingia nyuma ya ukuta. Hii haijuake mama wala papa."

"Mutu anaweza kukosa vile?"

"Amechoka. Patron, mwenye kinu, anamupigia makelele. Mutu yote anakosaka, mama. Njo maana banaweka fusible, fyuzi, ndani. Yeye anakatika, weye unabaki. Fusible njo musamaha."

Akabonyeza. Mlio ulikuwa mfupi na mkavu, kama ubao unaovunjwa gotini. Mchanga ukaruka, ukawanyeshea ukipitia juu ya ukuta. Moshi ulipotulia, Kambale alichukua kile cha kwanza, ambacho mwili wake ulikuwa bado mzima, akakifungua kwa bisibisi. Pale pa kukaa fyuzi palikuwa na kipande kinene cha shaba, kimechomelewa huku na huku.

"Hapana musamaha," akasema, na hakucheka.

Kuvichoma vyote kulikuwa sawa na kulichoma duka. Kuvipeleka Kanyabayonga, hapana. Rachida alikaa juu ya debe, kalamu ya wino mzito mkononi, akaandika usoni pa kila kipima, kwa herufi kubwa nyeusi: BATRI TU. Betri za pikipiki, betri za sola. Huko havimuui mtu. Aliona ametenda haki, akalala. Haki ya nusu ina usingizi mtamu. Kambale mwenyewe ndiye aliyenunua cha kwanza, maana chake aliporwa njia ya Kalunguta.

Kisha asubuhi moja Kambale aliingia kununua utepe wa nyaya. Alikuwa anakwenda Beni. Mwenye kinu alimwita amalizie kazi ya Sadrack. Kipima cha njano kilichungulia mkobani. Uso wake ulikuwa mweupe, hauna hata herufi.

"Papa Kambale, maandishi iko wapi?"

"Nilipangusa na essence ya pikipiki." Akacheka. "Mama, nikifika na kitu imeandikwa batri tu, patron ataniachia moteur ya kinu yake? Atasema, huyu ni fundi wa tochi!"

"Uliona na macho yako."

"Niliona. Mi sitakosa."

"Weye njo ulisema mutu yote anakosaka."

Kambale akatazama barabara. "Batoto habakulake maandishi, mama."

Rachida alimpokonya kile kipima, akachukua kalamu, akaandika upya, akikandamiza mpaka kalamu ikalia. Kambale hakumzuia. Alikipokea kwa mikono miwili, akaupuliza wino ukauke, taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mgonjwa.

"Aksanti, mama."

Alipoinama kukirudisha mkobani, Rachida aliiona humo chupa ya petroli, na kitambaa chenye madoa ya wino mweusi kimezungushwa shingoni mwa chupa.

Pikipiki ya Kambale ikashika njia ya Beni. Harufu ya petroli ikabaki mezani, palepale Katungu alipoiweka ile nusu ya kipima.