Kadi Iliyokataliwa Mikocheni

Sikuwa mtu wa kuomba radhi kwa kazi yangu, na sianzi leo. Mwaka 1980 shirika letu la mbegu lilikuwa na kompyuta mbili: kuukuu ya Kurasini, na mpya ya msaada, Mikocheni. Zote zilitumia lugha iitwayo Koboli, ila ile mpya ilikuja na toleo jipya. Maneno kadhaa ya Kiingereza yaliyokuwa huru Kurasini, Mikocheni yalikuwa amri. Ukikiita kitu chako kwa neno mojawapo, mashine inagoma.

Basi mimi, Mwanabaraka binti Shomari wa Keko, programu yangu ya kugawa mbegu nikaiandika kwa majina ya Kiswahili matupu. MBEGU, GHALA, MAGUNIA, na kila kituo cha kupokea mbegu kwa jina la mji wake. Mzungu gani ataligeuza neno GHALA kuwa amri? Niliringa, na haki ya kuringa nilikuwa nayo.

Mtaalamu wa kigeni aliyekuja na mashine mpya hakupenda. Alitaka programu mbili, kila mashine na yake. Sisi tulijua mwisho wake: ukirekebisha moja ukaisahau nyingine, mahindi ya Korogwe yanakwenda Lindi. Mkuu wetu, Bwana Leodegar, akakata shauri.

"Ndugu Mwanabaraka, una hadi Ijumaa. Kadi zilezile zipite kote kuwili. Zikishindwa, tunamfuata mtaalamu, na wewe unarudi kutoboa kadi."

Kadi, zile za karatasi ngumu ambazo mashine husoma programu kwa matundu yake, nilikwishatoboa miaka sita. Sikutaka kurudi.

Ijumaa asubuhi Kurasini zikapita. Mimi na Elinaza, mtoboaji wetu, tukapakia sanduku la kadi kwenye Landrova hadi Mikocheni. Mashine ikakataa. Kosa moja, kwenye orodha ya vituo, wala haikueleza zaidi. Nilikagua kila herufi, kila nukta. Nikaona aibu, nikaona na hasira.

"Pengine ni hiki Kiswahili," mtaalamu akasema, kwa upole ulionichoma. Akachukua karatasi, akaanza kusoma vituo kwa sauti. "Korogwe. Lushoto. Seim..."

"Seim ndo wapi?" Elinaza akafoka. Kwao ni Upare. "Ni Sa-me, bwana! Mie nimezaliwa pale."

Nilipiga kelele hata mlinzi akachungulia. Same! Kwa Kiingereza maana yake "ileile", na mashine, kama mtaalamu, ilisoma Kiingereza tu. Kurasini neno hilo lilikuwa huru. Hapa lilikuwa amri. Mimi niliyejidai kukikimbia Kiingereza nilikuwa nimekiandika kwa mkono wangu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia mtaalamu. Hakuelewa namshukuru kwa lipi.

Elinaza akatoboa upya kadi tatu zenye jina la kwao, safari hii limeungwa na neno jingine lisiwe amri tena: KITUO-SAME. Mashine ikazimeza zote, ikatoa orodha. Tukarudi Kurasini na sanduku lilelile, na mtaalamu nyuma yetu. Kuukuu nayo ikakubali.

Bwana Leodegar akazitandaza orodha mbili mezani. "Ipi ya Mikocheni?"

Mtaalamu akazifuata kwa kidole, kituo kwa kituo, hadi Lindi. Akatikisa kichwa: hakuona tofauti.

"Ndugu Mwanabaraka, wewe je?"

Nami sikuijua, na maishani sijapata kufurahia ujinga wangu namna ile.