Nipe na Kile cha Zamani

Mimi siibiwi na fundi. Hilo nililisema jumuiya nzima ikisikia, kikombe cha chai mkononi, na nadhani Mungu naye alisikia, maana kilichofuata kinanuka adhabu.

Kwetu Mwanza gari likiharibika, mwenye gari hakai mbali. Unavuta kiti, unakaa karibu na fundi, unamkodolea macho mpaka amalize, na kipuri cha zamani unaondoka nacho. Usipokichukua anakipiga brashi na kumuuzia mjinga mwingine kesho yake, na iko siku mjinga huyo utakuwa wewe. Marehemu baba alikuwa na debe zima la vyuma chini ya kitanda. Mama alilalamika miaka yote na baba hakumsikiliza hata siku moja.

Huku Toronto hawakuruhusu kukaa karibu na fundi, wanasema ni mambo ya bima. Wanakukalisha kwenye kochi la ngozi, wanakupa kahawa na biskuti, halafu gari lako linapelekwa nyuma ya ukuta kama mgonjwa wa upasuaji. Sawa. Kiti wameninyima, lakini kipuri changu nitaondoka nacho.

Gereji yenyewe iko Etobicoke, dakika tano kutoka ghorofa letu, na msimamizi wake anaitwa Shaun. Shaun ana meno mazuri na sauti ya padri mgeni. Mara ya kwanza nilimpelekea gari kwa sababu breki zilikuwa zinalia, na kweli zilikuwa zinalia, sitamsingizia. Akabadilisha diski mbili za mbele, dola mia tisa. Nikalipa, nikamwambia anipe na zile za zamani. Akanitazama kama nimeomba soksi zake, lakini akanipa.

Mume wangu, Silvanus, alikataa katakata vyuma vyenye grisi kuingia ndani. Basi nikaviweka kwenye buti, chini ya zulia, kwenye shimo la tairi la spea. Tairi lenyewe hatujawahi kuliona. Aliyetuuzia gari aliliuza kando, laana imfikie huko aliko. Nikafunika, nikasahau.

Baada ya siku mbili gari likaanza kusema gudu-gudu kila nikikata kona au nikiingia shimo.

Sasa elewa kazi yangu. Ninahudumia wazee majumbani, na mzee wangu wa asubuhi ni Bi. Philomena, miaka themanini na tisa, anakaa Pickering, upande wa pili kabisa. Macho yamemwishia, ila mdomo haujaguswa. Alishafukuza wahudumu sita kabla yangu, na mmoja wao aliondoka na uji kichwani. Mimi alinikubali kwa sababu nilimjibu. Tunagombana kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, kisha ananishika mkono na hataki niondoke. Nampenda yule bibi, basi, nimesema. Na saa zake ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Utaratibu ni kwamba nikifika napiga simu ofisini kwa simu ya nyumbani kwake, kabla ya saa mbili na robo. Ikipita hapo, nimechelewa. Bila gari, kutoka kwetu hadi kwake ni mabasi na treni, saa mbili na nusu nzima, na hapo treni iwe imeamka vizuri.

Nikarudi kwa Shaun. Akaliendesha gari kuzunguka mtaa, kichwa kimeinama upande mmoja, akarudi na uso wa msiba. Beringi za mbele, dola elfu moja na mia mbili, siku mbili. Siku hizo mbili nilipanda mabasi, na mojawapo nikachelewa. Nikalipa, nipe na zile za zamani, nikazitupa kwenye buti. Gudu-gudu ikapata mwenzake, kling'i-kling'i. Nikarudi tena. Boljointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele, dola elfu moja, nikachelewa mara ya pili, nipe na zile za zamani. Sasa gari lilikuwa na sauti tatu kama kwaya, tena kwaya ya kigango kisicho na mwalimu. Kwenye barabara ya 401 nilikuwa najibanza pembeni kabisa nikisali Salamu Maria, malori yakinipigia honi.

Valerie wa ofisini akanipigia simu. Ni mtoto mzuri, ila anaongea polepole kama hakimu anayesoma hukumu. Akasema nikichelewa mara ya tatu, Bi. Philomena atapewa mhudumu mwingine, na kwamba bibi mwenyewe ameshaarifiwa ajiandae. Nikasema nimeelewa. Nilipokata simu nililia pale pale jikoni, kisha nikasonga ugali kwa hasira mpaka Silvanus akaogopa kuuliza mboga iko wapi.

Shaun sasa alikuwa amefika kwenye stelingi reki, mtambo wa usukani. Dola elfu tatu na mia nane. Akatabasamu wakati anaitaja. Nikayatazama yale meno na kuona kwamba mengine nimeyalipia mimi.

Clementina wa jumuiya akanipa jina la fundi mmoja wa Agincourt, akinionya kwamba mzee huyo hana adabu na ndiyo maana hana wateja. Jumamosi asubuhi nikaenda. Gereji ya Bahadur haina kochi. Ina kalenda ya miaka mitatu iliyopita na kopo la maziwa ya unga lililojaa nati. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, miaka sabini hivi, ovaroli imechoka kuliko yeye. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza, akanikatiza.

"Kiingereza hicho umekitoa Mwanza," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa.

Kumbe kazaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na gereji karibu na soko, wakaondoka yeye bado kijana. Hajarudi tangu hapo, lakini Kiswahili alikuja nacho chote, hasa matusi. Nikamsimulia ugonjwa wa gari tangu mwanzo: diski, beringi, boljointi, na sasa stelingi reki. Alinisikiliza akila karanga. Hakuomba funguo, hata boneti hakuitazama.

"Mama, vyuma vya zamani ulichukua?" akauliza.

"Vyote," nikasema, kifua mbele. "Mimi siibiwi."

"Umeviweka wapi?"

Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze na gari langu. Bahadur akafungua buti, akanyanyua zulia. Mle shimoni mlikuwa na diski mbili, beringi mbili, boljointi mbili na pakiti ya biskuti za Shaun. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema baba yake alikuwa akipata mteja wa namna hii kila mwezi. Akatoa vyuma, tukalizungusha gari mtaa mzima, kona kwa kona, halikutoa hata kikohozi. Akaniambia nina akili ya kuku wa kisasa. Alikuwa anasema kweli.

Nikamuuliza kama Shaun alijua.

"Kama hakujua, si fundi," akasema. "Kama alijua, si mtu. Chagua mwenyewe kipi kinakuuma zaidi."

Viliniuma vyote. Nilitoa pochi, akanifukuza na pochi yangu, akisema hajafanya kazi yoyote zaidi ya kucheka. Ila alipotaka kuvitupa vile vyuma kwenye pipa nilimshika mkono. Vyuma vya dola elfu tatu na mia moja, vyangu, naondoka navyo. Akanitazama, akatikisa kichwa, akavifunga kimoja kimoja kwa matambara, akavitia kwenye gunia na kulikaza kwa kamba. Akasema nikisikia tena gudu-gudu nisimfuate.

Jumatatu nilipita 401 kama malkia. Nilisikia redio kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa mlangoni kwa Bi. Philomena, nikabonyeza kengele.

Hakufungua. Nikagonga. Akapaza sauti kutoka ndani kwamba yeyote niliye nirudi nilikotoka, na nimwambie Valerie hataki mhudumu mpya. Nikasema ni mimi, Leokadia. Akasema hata yule wa tano alijifanya wa nne ili afunguliwe. Leokadia wake, akasema, anamsikia tangu kona ya mtaa, ana gari linalolia kama kabati la vyombo likianguka ngazini. Huyu wa leo kaja kimya kimya kama mwizi. Nikamwambia bibi fungua, gari limepona. Akasema ningekuwa Leokadia kweli ningeshamtukana.

Saa mbili na dakika nne. Nikamtukana. Akasema matusi yenyewe hayana nguvu.

Nilirudi kwenye gari nikikimbia. Nikafungua buti, nikakata kamba kwa meno, nikararua matambara ya watu na kumwaga vyuma vyote shimoni. Nikaendesha mpaka mwisho wa mtaa, nikageuza, nikarudi nikiyumbisha usukani kushoto na kulia kama mlevi. Gudu-gudu, kling'i-kling'i, kwaya nzima. Jirani akachungulia dirishani. Mzunguko wa pili, mlango ukafunguka.

Alikuwa amesimama na gauni la kulalia, fimbo juu.

"Umechelewa," akasema. "Kuna mwizi alikuwa hapa anajifanya wewe."

Nilimkumbatia na fimbo yake. Simu ofisini niliipiga saa mbili na dakika kumi na tatu, yeye akiwa amening'ang'ania mkono wa pili na kuniambia mikono yangu inanuka grisi.

Gunia bado liko kwenye buti. Silvanus anasema nimerukwa na akili, na Bahadur nilipomwambia alitema karanga. Sijali. Barabarani vyuma vinakaa vimefungwa vizuri na gari liko kimya. Nikifika kona ya mtaa wake nasimama, nashuka, nafungua kamba. Nikifika kuegesha, mlango unakuwa wazi tayari.