Umenifikisha Katikati ya Maji

Kwenye mafunzo yale Elina aliviogopa vidole vyake mwenyewe.

Alikuwa nesi wa kituo cha afya upande wa Ikwiriri, mzaliwa wa Mbinga, na alipelekwa Kibiti pamoja na washauri nasaha wengine kujifunza tiba ya kusogeza macho. Ukiitazama kwa mbali, kazi yenyewe ni nyepesi. Mshauri anakaa mbele ya mtu aliyeumizwa na jambo, anamwomba alikumbuke, kisha anapitisha vidole viwili mbele ya uso wake, kushoto na kulia, na yule mtu anavifuata kwa macho bila kugeuza shingo. Wanapumzika. Anaulizwa kimemjia nini, wanaendelea. Hivyo hivyo, mpaka lile jambo lipungue makali.

"Ila ukifungua, ufunge," alisema mwalimu wao, Urbano, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini. "Usimruhusu mtu aende nyumbani na kidonda wazi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa Elina rohoni. Walipoanza kujaribiana wenyewe kwa wenyewe, alipangiwa Hemedy, mwalimu wa shule kutoka Mahege. Waliambiwa wachague jambo dogo, naye Hemedy akachagua mbwa aliyemkimbiza utotoni. Vidole havikupita mara nyingi. Hemedy aliacha kuvifuata, akasimama, akatoka nje, akaenda kuegemea ukuta akitazama magari ya Kusini yakipita barabarani. Nyuma ya yule mbwa kulikuwa na jambo jingine, kubwa, na hata mwenyewe hakujua kwamba lilikuwa pale.

Urbano alimfuata, wakakaa huko kitambo. Hemedy aliporudi alikuwa amenawa uso.

"Si wewe, dada," alimwambia Elina.

Elina aliitikia kwa kichwa, lakini hakuamini.

Baada ya hapo kila mmoja alitakiwa kumhudumia mtu wa kweli, Urbano akiwa ameketi pembeni. Elina alipewa mwanamke anayeitwa Mwamini, mkulima wa mpunga kutoka Mohoro, mwembamba, aliyejifunga mtandio vizuri na kujibu kila swali kwa adabu. Alikuja na binti yake, Muzdalifa, aliyeachwa uani na mpishi. Hata hivyo Mwamini alikaa mahali ambapo angemwona kupitia dirishani.

"Mimi hulala na huyo mtoto nimemfunga mkono kwa mkono wangu," alisema. "Kwa kanga. Sasa anakua, anakataa. Anasema wenzake wanamcheka."

"Tangu lini, Mama Muzdalifa?"

"Tangu mafuriko, nesi."

Alisimulia kwa sauti iliyonyooka, kama anayesoma. Walikuwa shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambamo watu wa bondeni hulala wakilinda mpunga. Maji yalipanda kuliko walivyozoea. Mtumbwi wa jirani ulipokuwa unawakaribia, nguzo za dungu zilikatika. Mwamini alijikuta majini, mtoto kwapani, mkono wa pili umemshika mama yake. Mtoto alianza kuteleza. Mwamini akauachia mkono wa mama ili amshike mtoto kwa mikono miwili.

"Akanipigia kelele," alisema. "Kisha sikumwona tena."

"Ukilikumbuka hilo sasa, unajiambia nini juu yako?"

Mwamini alitazama dirishani. "Kwamba nimemuua mama yangu. Na yeye alijua. Alinilaani pale pale."

Elina alifuata kila hatua kama alivyofundishwa. Kwanza alimwomba Mwamini atafute mahali pa utulivu ambapo angekimbilia moyoni mambo yakizidi, naye akachagua baraza ya shangazi yake, asubuhi, vitumbua vikiwa jikoni. Kisha Elina akainua vidole.

Mizunguko ya mwanzo ilikwenda vyema. Kimekuja nini? Maji. Endelea na hayo. Kimekuja nini? Baridi ya miguu. Endelea nayo. Halafu pumzi za Mwamini zikaanza kukatika. Mikono yake ilishika kiti, midomo ikapauka, na macho yaliyokuwa yakifuata vidole yakasimama mahali pamoja, yakitazama kitu ambacho Elina hakukiona.

Elina aligeuka kumtazama Urbano. Urbano alikuwa ametulia, viganja magotini. Uso wake haukusema endelea wala acha.

Akilini Elina alimwona tena Hemedy akitoka mlangoni. Alivishusha vidole.

"Mama Muzdalifa, nisikie. Upo Kibiti. Kanyaga sakafu. Niambie mbele yako kuna nini."

Ilichukua muda. "Ukuta," alisema Mwamini hatimaye. "Kalenda."

"Twende kwa shangazi sasa. Barazani. Unanusa nini?"

"Vitumbua." Rangi ilianza kumrudia. Alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio, akanyoosha mgongo. "Haya, nesi. Inua vidole tuendelee."

Elina alijua kwamba huenda hapo ndipo ilipofaa kuendelea. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, akaificha chini ya meza.

"Leo tunaishia hapa," alisema.

Mwamini hakupandisha sauti. "Umenifikisha katikati ya maji, halafu unaniacha?"

Elina alimweleza yote aliyopaswa kumweleza: kwamba ndoto zinaweza kuja, kwamba akizidiwa arudi barazani kwa shangazi, kwamba apige simu saa yoyote, na kwamba watakutana tena wiki ijayo. Mwamini alisema ahsante, akamchukua binti yake, akaondoka.

"Nimekosea?" Elina alimuuliza Urbano walipobaki wawili.

"Mimi ningeendelea kidogo," alisema Urbano. "Lakini mimi sikuwa na mikono yako. Umemrudisha salama, na hilo si dogo. Tungoje tuone."

Kungoja ndiko kulikomshinda. Jioni ile mvua ilinyesha, na Elina akawa anafikiria kila tone linavyopiga bati la Mwamini. Kesho yake alipiga simu, haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vile vile. Alijiambia ni chaji, ni mtandao, watu wa huko huzima simu. Kisha akaanza kujiambia mengine, mabaya zaidi. Siku ya miadi ilipofika, alikaa na kiti kitupu mbele yake mpaka mpishi akaja kuuliza kama kuna mtu atakunywa chai.

Hakungoja ruhusa ndefu. Urbano alimwambia nenda, nami nitawaeleza wenye mafunzo. Elina alipanda basi la Lindi, akavuka daraja huku macho yake yakiwa mapajani, kwa kuwa mto ulikuwa umejaa maji ya rangi ya matope na hakutaka kuutazama. Aliteremka njia panda, akachukua bodaboda hadi Mohoro. Njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kuwaambia ndugu wa marehemu.

Mwamini alikuwa uani, anapepeta mchele.

Elina alishika nguzo ya kibanda cha jiko.

"Karibu, nesi," alisema Mwamini, akiweka ungo chini. "Mbona hivyo, unaumwa?"

"Hukuja. Simu haipatikani."

"Simu imeingia maji. Nauli sikuwa nayo, na sikuwa na njia ya kukwambia." Alimpa kigoda, akamletea maji ya kunywa, akamwacha apumzike kwanza. Kisha akakaa mkekani karibu naye. "Nilikukasirikia. Siku mbili nzima nilikukasirikia. Na ndoto zilikuja, kama ulivyosema."

"Nisamehe, Mama Muzdalifa."

"Sikiliza kwanza. Siku zote nikimwota mama naona mkono tu. Safari hii nimemwona uso. Kinywa kimefunguka, anasema, na maji yana kelele. Nesi, mimi sikusikia alichosema. Miaka yote hii najiambia alinilaani. Kumbe sikusikia neno hata moja."

"Unadhani alisema nini?"

"Sijui. Na sitajua." Sauti yake ilikatika, akalia, kilio cha kawaida cha mtu aliyefiwa, pasipo kukabwa pumzi. Elina alikaa naye.

Mwamini alipomaliza, alileta kigoda kingine, akakaa akitazamana na Elina.

"Unaweza hapa hapa?"

Elina bado alikuwa na hofu. Alimuuliza Muzdalifa yuko wapi, akaambiwa yuko shule, atarudi adhuhuri. Alifunga mlango wa ua. Aliangalia mikono yake, ilikuwa inatetemeka kidogo, naye akaiacha itetemeke.

"Tukianza, leo sikuachi mpaka tufike ng'ambo," alisema, akainua vidole.

"Haya," alisema Mwamini, na macho yake yakaanza kuvifuata vidole.