Vumbi Lina Randevu

Wingu lilitokea upande wa Rumangabo saa tisa mchana, jeusi, limeinama kama mtu aliyebeba gunia la makaa. Mama Mukagasana, mwenye nyumba wetu hapa Mabanga, akapiga vigelegele.

"Mvua! Clarisse, fungua tanki! Toa mabeseni!"

Nilimwelewa. Tangu Juni hatukuwa tumeona tone la mvua. Mkwe wake, Clarisse, alikuwa amejifungua mapacha, na maji safi yaliyobaki kwenye tanki, robo tu, yalikuwa ya kuwachanganyia maziwa ya unga. Sisi wengine tulitumia ya ziwani, ambayo Mama Mukagasana alipanda nayo kila asubuhi, bidoni, yaani dumu lake, mgongoni, na ile nyonga yake mbovu.

"Mama, ile haiko mvua," nikasema. "Ni vumbi."

"Weye Dative na diplome yako! Wingu jeusi ni wingu jeusi."

"Mvua inashuka, mama. Ile inapanda. Unasikia radi? Unasikia baridi? Mvua inapiga mabati halafu inaenda zake. Vumbi linakaa juu ya mabati, linangoja."

"Linangoja nani?"

"Mvua yako."

"Clarisse, sikia! Vumbi lina randevu, lina miadi na mvua!"

Walicheka wote wawili. Mimi nilifunika tanki, nikapanda kiti, nikachomoa bomba linaloleta maji kutoka kwenye paa.

Vumbi halikunguruma. Lilikuja na sauti ya mchele unaopepetwa, mchana ukageuka kahawia, na ukuta wa jirani, hatua kumi tu, ukapotea. Ndani, Clarisse aliwafunika mapacha kwa kitenge kilicholowa. Mmoja alikohoa, akakohoa tena. Hakuna aliyecheka.

Vumbi likapita. Halafu, bila hata kunipa nafasi ya kujisifu, mvua ikanyesha kweli.

"Rudisha bomba!"

"Bado, mama."

"Mutoto wa watu, mayi inapotea!"

Maji yalitoka kwenye paa meusi kama kahawa, yakatumwagikia miguuni. Mama alivuta bomba upande wake, nami upande wangu. Yakawa kama chai. Nikasema bado. Yalipoanza kung'aa nikalirudisha. Yakaingia kiasi cha sufuria mbili tu, mvua ikakatika.

Mama Mukagasana akakaa juu ya jiwe, miguu kwenye matope, akiipapasa nyonga. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Ungerudisha bomba mapema, tanki lingejaa. Omba musamaha."

Labda ningepaswa kulirudisha mapema kidogo. Nilifungua tanki, nikachota kikombe, nikampa. Maji yalikuwa safi, ungeona mpaka chini ya kikombe. Alikitazama, kisha akainuka taratibu akampelekea Clarisse, kwa sababu mapacha walikuwa wakilia.

Aliporudi mlangoni nilikuwa nimeshachukua bidoni yake.

"Kesho nitapanda nayo mimi, mama. Kesho kutwa pia, mpaka mvua irudi. Lakini musamaha wa bomba siombi."