Kundi la Mwisho

Ofisini Sumbawanga kila mtu alijua kwamba baba yake Ebenezer ana boti mbili ziwani. Ebenezer mwenyewe ndiye aliyewaambia, mwaka alioajiriwa kuwa mtakwimu, siku watumishi wenzake waliotoka Mbeya walipokuwa wakitajiana wazazi: huyu baba yake mchungaji, yule mwalimu mkuu. Neno lilimtoka, na hakulirudisha.

Ukweli ni kwamba mzee Sadoki aliondoka Tukuyu zamani kufuata samaki, na hakuwahi kumiliki hata kasia.

Utafiti wa nguvu kazi ulipofika Nkasi, Ebenezer alikuwa msimamizi wa wadadisi. Maeneo yalichaguliwa makao makuu kwa bahati nasibu, na Kipili, alikoishi baba yake, ikawemo. Alijipangia upande wa juu, kwenye zahanati. Mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, alimpa Bertilla, binti wa Kifipa aliyekuwa mgeni kazini.

Asubuhi hiyo hiyo Bertilla akampigia simu. "Bosi, njoo unisaidie. Nina mzee hapa, sijui nimweke wapi."

Kumsaidia mdadisi ndiyo kazi ya msimamizi, kwa hiyo aliteremka. Alimkuta baba yake ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu peku, mbele ya chumba alichopanga. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye vichanja hadi karibu na maji. Mzee alipomwona, uso ulikunjuka, akaanza kuinuka.

Ebenezer alitazama pembeni.

"Shikamoo, mzee," alisema, kama anavyosalimiwa mtu yeyote.

Mzee alikaa tena, taratibu. "Marahaba."

Bertilla aliendelea, kishikwambi mapajani. "Umesema wiki iliyopita ulikuwa unaanika dagaa. Ni mali yako?"

"Wa watu."

"Wanakulipaje?"

"Wakiuza wananikatia. Wasipouza, tunangoja."

"Jina la pili hukunipa, mzee."

"Huku wote wananiita Sadoki. Andika hivyo hivyo."

"Na hapa unaishi na nani?"

"Peke yangu. Nina mtoto mmoja, mtumishi wa serikali." Mzee aliokota dagaa aliyevunjika, akamtupa. "Yuko mbali."

Bertilla alimgeukia Ebenezer. "Nilitaka kumweka na wavuvi, lakini havui. Na biashara si yake. Anaingia kundi gani?"

Somo hilo Ebenezer alilifundisha mwenyewe kwenye semina, akichora ubaoni: juu mameneja, kisha wataalamu, makarani, mafundi, mpaka chini kabisa.

"La mwisho," alisema. "Kazi zisizohitaji ujuzi. Kibarua."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ni yeye aliyeulizwa. "Sawa kabisa," alisema.

Walipokuwa wakipanda kurudi kwenye gari, Bertilla alisema, "Maskini. Mtoto anakula mshahara, baba anaanika dagaa wa watu. Huyo mtoto hana haya."

Masikio ya Ebenezer yalipata moto. Ada yake ya sekondari ilitoka kwenye vichanja vile. Noti zilikuwa zikimfikia zikinuka dagaa, naye alizianika dirishani bwenini ili wenzake wasimcheke.

"Ni mimi," alisema.

"Nini, bosi?"

"Huyo mtoto."

Bertilla alimtazama, kisha akainamisha macho, kama vile aibu ilikuwa yake. Angemsema ingekuwa nafuu.

Ebenezer alirudi peke yake. Baba yake alikuwa akigeuza dagaa na hakuinua kichwa.

"Umesahau kitu?"

"Baba, nisamehe."

"Umekuja kikazi, au umekuja?"

"Nimekuja."

"Basi vua viatu. Utakanyaga dagaa wa watu."

Alivua, akainama. Walifanya kazi ubavu kwa ubavu. Baadaye alipita mama mmoja, mwenye dagaa wale, akiwa na beseni kichwani.

"Mzee Sadoki, umepata msaidizi?"

Mzee aliendelea kugeuza dagaa. Alingoja.

"Mimi ni mwanawe," Ebenezer alisema.

"Unasemaje? Sikusikii," mama alisema.

Ilibidi arudie kwa sauti. Wanawake waliokuwa kwenye vichanja vya jirani waligeuka, na dereva wa ofisi, aliyekuwa ameteremka kununua samaki, naye akageuka. Habari ya zile boti mbili dereva huyo aliisikia tangu zamani.

Mzee alihamia kichanja kingine bila kumwangalia. Ebenezer akamfuata.