Tuyau Mupya ya Kambere

Mama yetu alikufa Butembo siku ya ine, Alhamisi. Mazishi ilipangwa siku ya posho, Jumamosi, saa tisa, na bamama ya kanisa balisema wazi kama saa tisa ni saa tisa, padiri iko na kilio ingine nyuma. Mimi naishi Beni, na mudogo wangu Kambere vilevile. Donc tulikuwa na kitu moja tu ya kufanya: kupanda Butembo, kuona uso ya Mama mbele sanduku ifungwe. Sikuomba Mungu kitu ingine. Hata machozi sikuomba. Tangu simu ya kifo ilie, mwili yangu ilikuwa na ganzi, ungeweza kunifinya nisisikie.

Gari ilikuwa ya Kambere. Eh, ile gari. Pickup ya zamani, anaipenda kupita muke yake, na muke yake anajua. Alikuwa ametoka kununua tuyau ya chuma yenye kungaa, ya kupitishia hewa mu moteur. Ile ya plastique, yenye gari ilikuya nayo, alitupa. Ilikuwa inavuta hewa ya inje, pembeni ya taa, fasi upepo inapita. Mais kwetu inje ni vumbi, na Kambere anachukia vumbi. Ile mupya aligeuza mudomo yake ndani, nyuma ya radiateur, eti kule vumbi haifikake. Ni kweli, haifikake. Kule kunafika joto tu.

"Yaya, sasa moteur inapumua vizuri," aliniambia tukianza safari.

Mimi napikaka mikate ya mafuta ku soko ya Beni. Joto nayijua. Mutu akiinamisha pua juu ya jiko, anapumua nini?  Mais kichwa yangu ilikuwa ku sanduku.

Fasi ya tambarare gari ilitembea. Mulima ilipoanza, nyuma ya malori yenye kutambaa, ikapoteza nguvu. Kambere anakanyaga, gari inalia, haiendi. Akaegesha pembeni, akasema tuipumuzishe kidogo, haraka haraka haina baraka. Kwetu kila mutu anajua kupumuzisha. Mwenye kusukuma chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, anapumuzika, mama mwenye kitunga ya bihogo mu mugongo anapumuzika, hata mbuzi unaiacha isimame. Basi na gari vilevile. Aliacha moteur iwake na capot, mufuniko ya moteur, ifungwe, juu vumbi ya malori isiingie, tukakaa pale. Tulipoondoka, ilikuwa zaifu kupita mbele.

Tukasimama tena. Simu ikalia: mama mudogo Kanyere, mwenye kuzaliwa nyuma ya Mama, anauliza tuko wapi. Kambere alijibu tuko karibu. Karibu gani? Hata Maboya, katikati ya njia, hatukuwa tumefika. Mimi nilitazama inje, nikaona shamba, nikaona nyumba, sikusikia kitu mu roho.

Pale Maboya, dereva moja wa Mutwanga, Phinées, rafiki ya Kambere, alikuwa anashuka na gari yake. Alisimama kusalimia. Balifungua capot, Phinées akagusa tuyau na akarudisha mukono mbio. Alieleza kama ile chuma peke yake haina shida sana: gari ikikimbia, hewa inapita mbio, haipati wakati ya kupata moto. Shida ni mudomo, na ni kusimama.

"Kambere, hii gari haichokake. Ukiisimamisha, inakunywa joto yake yenyewe. Geuza mudomo inje, ao tembea tu, usisimame."

Kambere alicheka, akasema inje vumbi itaua moteur. Phinées aliona kitambaa yangu ya kilio ku kichwa, akaacha kubisha. Alinipa pole, akaenda.

Hapo hasira ilinipata, na nilifurahi kuipata, juu ilikuwa kitu ya kwanza nilisikia tangu ile simu. Nilimwambia ageuze. Akasema kesho. Nilimwambia basi aendeshe bila kusimama, kichwa ngumu weye. Aliendesha. Na kumbe gari ilitembea, nguvu ilirudi kidogo kidogo, nikaanza kuhesabu kama tutafika saa tisa. Kisha lori moja ya mbao ikatuzuia ku mulima murefu, gari ikalia tena, na Kambere akaogopa. Akaegesha.

Motard, mwenye kubeba batu na pikipiki, alipita, akauliza kama tuko na shida. Nilishuka. Nilishaweka mukono ku kiti ya pikipiki yake.

"Yaya, ukifika peke yako, batu batasema batoto ya Mama banagombana."

Hakudanganya. Ku kilio yetu, batu banatazama kwanza nani alishuka na nani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama hakuona hii gari hata siku moja." Nilimuachilia motard aende. Tukakaa tena, na gari ikapumuzika.

Tulipofika, batu balikuwa banatoka ku makaburi na bikopo ya maua na masepeti. Mama mudogo Kanyere alikuwa na udongo ku mikono. Aliniambia alishika mufuniko ya sanduku, akakatala bapige misumari, mupaka padiri mwenyewe akamutoa mukono.

Kambere alisema wa kwanza. Alisema basoldat balituzuia ku barrière. Batu yote balikubali palepale, juu barabara ya Beni, na hii vita, nani atabisha? Bawajomba balimukumbatia.

Nilimuuliza Kanyere Mama alikuwa namna gani.

"Jicho moja lilikuwa wazi kidogo," alisema. "Nilijaribu kulifunga, likakatala. Tukasema anabangojea."

Nilikunywa ile maneno sawa maji. Nilikaa ku musambi, ile mukeka ya chini, pamoja na bamama. Halafu nikasikia banaume banaongea mu kiwanja, sauti ya furaha kidogo, sauti ya batu banaona kitu nzuri. Kambere alikuwa amefungua capot. Bawajomba balizunguka, moja anauliza alinunua wapi, na Kambere anaeleza, anaonyesha na kidole, kama tuyau hii inaongeza nguvu, hasa ku mulima.

Niliamuka. Banaume balinipisha.

"Kambere, baambie. Hapana basoldat. Baambie tulikuwa tunapumuzisha nini wakati Mama anafunikwa."

Alitazama moteur. Alitazama bawajomba. Kisha alifunga capot polepole na mikono mbili, akalaza kichwa pale juu, akalia sana, kwa sauti, bila haya. Nilimushika mabega. Nilitaka kulia pamoja naye, ni mudogo wangu, mais machozi haikukuya.